Viboko viwili kila Jumanne

Siku nakabidhiwa ofisi ya nidhamu nilipewa vitu vitatu: funguo ya kabati ambayo haikufungua hilo kabati, mzigo wa fimbo za mkole umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kaunta buku la kwaya mbili lililokula vumbi mpaka rangi ya jalada haijulikani. Mwalimu aliyeniachia kiti alikuwa na haraka, kahamishiwa Kongwa na gari la mizigo linamsubiri nje, akaniambia hapo kila kitu kipo kaka, we kaza tu, hawa watoto ukiwachekea wanakupanda kichwani. Akaondoka zake. Nikafungua lile buku. Ukurasa wa kwanza umepigwa mistari vizuri kabisa, jina, kosa, idadi ya viboko, mwalimu aliyetoa adhabu, saini ya mkuu. Ukurasa wa pili umejazwa nusu. Kuanzia hapo ni weupe mpaka mwisho, isipokuwa ukurasa wa nyuma kabisa ambapo mtu kachora basi, kazi nzuri tu, lina mpaka kioo cha pembeni.

Hii ilikuwa shule ya serikali, sekondari ya kata, nje kidogo ya Dodoma mjini, sitaitaja maana watu wake bado wako palepale na wengi ni marafiki zangu.

Sasa mtu asije akadhani weupe ule maana yake watoto walikuwa hawachapwi. Walikuwa wanachapwa kila asubuhi ya Mungu. Ukichelewa viwili, ukija na nywele ndefu viwili, suruali ya modo viwili, ukiongea Kiswahili mwalimu wa Kiingereza akakusikia viwili, ukimpiga mwenzio ngumi ya mdomo viwili. Na kuna hili la jaketi ambalo wasiokaa Dodoma hawawezi kulielewa. Mwezi wa sita na wa saba hapa upepo wa asubuhi ni wa kukata masikio, vumbi na baridi kwa pamoja, mtoto anatoka kwao saa kumi na moja na nusu anatembea kilomita nne, sweta la shule mama yake hajanunua, anavaa jaketi la mtumba la dada yake la zambarau. Getini viwili. Yaani kosa la kusikia baridi na kosa la kumtoa mwenzio damu vilikuwa na bei moja sokoni. Hilo ndo lilinikera kwanza, kabla hata sijaanza kujiuliza kama kuchapa ni sahihi ama si sahihi.

Na ajabu ni kwamba sheria yenyewe ukiisoma iko finyu kuliko tunavyoishi. Kanuni za adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali Namba 294 la mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinasema viboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne kwa mara moja, vipigwe mkononi au makalioni mtoto akiwa na nguo zake, kwa fimbo nyepesi inayonepa, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, tena kwa kila kosa peke yake siyo ruhusa ya jumla jumla, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike akiwepo, uangaliwe umri na afya, halafu kila kitu kiandikwe kwenye buku na mkuu asaini. Nilipoisoma hii kwa sauti stafu, wakati wa chai, kuna mwalimu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema kwa hiyo tangu niajiriwe sijawahi kuchapa mtoto kihalali hata mmoja. Ilikuwa utani lakini ilikuwa kweli, na si yake peke yake.

Mjue pia kilikuwa kipindi kigumu kwa walimu. Agosti 2018 mtoto wa darasa la tano Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa pochi, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu kunyongwa. Wote tulikaa kimya stafu siku ile. Halafu Oktoba mwaka huohuo mkuu wa mkoa wa Mbeya anaenda kwenye shule moja huko Chunya anachapa wanafunzi 14 mbele ya kamera, kesi ya simu na mabweni kuungua, na Rais Magufuli akamsifia hadharani. Sasa mwalimu wa kawaida wa shule ya kata, ana mkondo wa watoto sabini maana tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamefurika, afuate lipi? Wengi waliamua kuendelea na viwili vyao vya asubuhi na kutokuandika popote. Ukiandika ni ushahidi bana.

Na hapo kwenye kutokuandika ndo penyewe. Mimi baada ya miaka mitatu ya kukaa kwenye kile kiti naamini shida yetu kubwa ya nidhamu ni kwamba shule haina kumbukumbu. Tunabishana fimbo iwepo isiwepo, Kenya waliipiga marufuku 2001 sisi bado, sawa, mjadala mzuri, lakini hata ukiitoa fimbo kesho asubuhi ukaweka kufyeka au kupiga deki, kama shule haikumbuki, mtoto atadeki mpaka amalize fomu foo na hakuna kitu kitabadilika.

Angalia zamu zinavyokwenda. Kila wiki kuna mwalimu wa zamu. Jumatatu anaanza yeye, Ijumaa anaandika ripoti yake mistari mitatu, hali ya shule ilikuwa nzuri, mahudhurio mazuri, changamoto ni wachelewaji, basi. Wiki inayofuata mwalimu mwingine. Huyu mpya anaposimama getini hajui nani alichelewa wiki iliyopita, anaona tu watoto kumi na tano, kila mmoja viwili, pita darasani. Kwa hiyo kila mtoto kila wiki ni mpya. Hapandi wala hashuki. Mpaka siku moja walimu wanne kwa bahati wanakaa pamoja kwenye benchi, mmoja anasema yule kijana wa kidato cha pili mkorofi sana, mwingine anasema eeh na mimi ananisumbua, wa tatu anadakia, na hapohapo mtoto anatoka kwenye viboko viwili anaruka mpaka kwenye barua ya kusimamishwa wiki mbili. Mzazi akija anauliza kwani kafanya nini, anaambiwa amezidi. Amezidi nini, lini, hakuna anayeweza kuonyesha.

Kulikuwa na kijana mmoja wa kidato cha pili, tumwite Dogo. Mrefu, kimya, kaptula ya zamani iliyogeuzwa suruali kwa kuungwa kitambaa chini. Jina lake lilitajwa kwenye benchi namna hiyo. Nikawaambia wenzangu subirini kidogo, nipeni mwezi. Nikachukua lile kaunta buku, nikaanza upya ukurasa wa tatu, nikaomba kila mwalimu wa zamu aniachie kikaratasi cha majina ya getini hata kama ni nyuma ya karatasi ya mtihani. Wengine walinipa, wengine walisahau, mmoja aliniandikia mkononi kwake akaja kunionyesha mkono. Baada ya wiki tano nikakaa na rula.

Dogo alichelewa mara tisa. Jumanne tano, Ijumaa nne. Siku nyingine zote alifika kabla ya kengele, na Jumatatu mbili alikuwa wa kwanza kabisa, anafagia.

Nilikaa naangalia ile karatasi. Jumanne na Ijumaa. Nikamwita kiranja wao ambaye anakaa mtaa mmoja naye, nikamuuliza kwenu Jumanne kuna nini? Akanishangaa kama nimemuuliza jua linatokea wapi. "Maji yanatoka, mwalimu."

Mgao. Mtaani kwao maji yalikuwa yanatoka mara mbili kwa wiki, alfajiri, yanakata saa mbili asubuhi, na bomba lenye presha ni moja, liko nyumba ya nne. Jioni nikapanda bodaboda nikaenda. Bibi yake alikuwa nje anaanika mlenda juu ya kipande cha bati, nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, kwa lafudhi yangu ya Kondoa, akacheka. Miguu yake imevimba, hatembei mbali. Madumu kumi na mawili ya lita ishirini yamepangwa ukutani, mengine ya kwao mengine ya majirani ambao humpa Dogo mia mia kwa dumu, na hizo mia mia ndo daftari na kalamu. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa anaamka saa kumi, anapanga foleni, anabeba, anamaliza saa moja kasoro, anakimbia, anafika shule saa moja na nusu, anainama, anachapwa viwili, anaingia darasani. Kwa mwaka mzima na nusu. Hakuwahi kusema. Nilipomuuliza kwa nini hukusema akaniambia "hakuna aliyeniuliza mwalimu, mlikuwa mnauliza umechelewa saa ngapi."

Ndo ikawa mwanzo wa ngazi yetu ya hatua za nidhamu. Nikaanza kusoma usiku kwenye simu, bando likiwepo, nione wenzetu wanafanyaje. Marekani walipitia kipindi cha kutovumilia kosa hata moja, 1994 wakatunga sheria kwamba mwanafunzi akiingia na bunduki shuleni anafukuzwa mwaka mzima, inaeleweka, bunduki ni bunduki, ila ule moyo wa kufukuza ukasambaa mpaka kwenye makosa madogo madogo. Kanada, jimbo la Ontario, nao walikuwa na sheria kali ya mwaka 2000, wakaibadilisha 2007 na kuanza kuitumia Februari 2008, wakaweka nidhamu ya hatua kwa hatua: kabla mkuu hajamsimamisha mtoto lazima aangalie umri wake, historia yake, kama hatua za chini zilishajaribiwa. Lakini kilichonigusa zaidi ni kesi ya zamani, Goss na Lopez, Mahakama ya Juu ya Marekani, 1975. Vurugu zilitokea kwenye shule za mji wa Columbus, kijana Dwight Lopez akasimamishwa pamoja na wenzake wasiopungua 75 siku moja, yeye anasema hakuhusika, alikuwepo tu. Hakuna aliyemsikiliza. Majaji watano kwa wanne wakaamua kwamba hata kusimamishwa siku kumi au chini ya hapo, mtoto lazima aambiwe kosa lake ni lipi, akikana aelezwe ushahidi uliopo, na apewe nafasi ya kusema upande wake. Si wakili wala koti la jaji, dakika chache tu za kumsikiliza. Niliisoma nikamkumbuka Dogo na madumu yake.

Basi tukaandika yetu, karatasi moja, mkuu akaipitisha, bodi ikaiona. Kosa dogo mara ya kwanza mwalimu wa darasa anaongea na mtoto na anaandika. Likirudi, onyo mbele ya mwalimu wa malezi. Likirudi tena mzazi anapigiwa simu, kisha barua ya onyo inayosainiwa nyumbani, kisha kazi ya nje ya vipindi, kwetu ilikuwa kumwagilia miche ya miti na si kung'oa visiki, halafu ndo mkuu na bodi. Fimbo hatukuifuta, nisidanganye, mkuu alisema ibaki kabatini kwa mujibu wa kanuni, na kabati tukalinunulia kufuli jipya.

Mapokezi? Mabaya. Wenzangu walisema naleta uzungu. Wengine walisema muda wa kuandika watautoa wapi na vipindi ishirini na nane kwa wiki, na hapo walikuwa na hoja kabisa, sikuwa na jibu zuri. Wazazi ndo walinichosha zaidi. Unampigia baba simu unamwambia mwanao amefika hatua ya tatu, njoo tuongee, anakujibu mwalimu si umchape tu, mi nimekuruhusu, hela ya nauli unanilipa wewe? Mama mmoja alikuja na fimbo yake kutoka nyumbani. Nilimpokea, nikamkalisha, tukanywa chai, fimbo imeegemea ukuta kama mgeni wa tatu.

Ila kuna kitu kilifanya kazi mapema kuliko nilivyotegemea, nacho ni ubao. Mwisho wa mwezi nilikuwa nahesabu, sibandiki majina, nabandika makosa tu: uchelewaji mara ngapi, simu ngapi, ugomvi mara ngapi. Walimu wakaanza kubishana na zile namba. Na mwalimu anayebishana na namba anaanza kuleta vikaratasi ili ashinde.

Sasa niseme la aibu maana bila hilo makala hii itakuwa ya kujisifia.

Mwaka wa pili alikuja binti wa kidato cha kwanza na rafiki yake. Kijana wa kidato cha tatu anamsubiri njiani pale wanapokatiza korongo, anamshika, anamnyang'anya hela ya kula. Nikamwita kijana, nikafungua buku, hana rekodi yoyote, kosa la kwanza. Hatua ya kwanza, maongezi. Akaomba msamaha vizuri kweli, ana adabu, shikamoo mwalimu, nikajisikia mfumo unafanya kazi. Baada ya wiki mbili tena. Hatua ya pili, onyo, nikaandika. Akarudia. Hatua ya tatu, baba yake nikampigia, yuko Kibaigwa sokoni anauza mahindi, atakuja wiki ijayo. Nikaandika: mzazi kaahidi. Mwandiko mzuri, tarehe, saini.

Siku moja natafuta kitu kingine kwenye buku lilelile nikafunua kurasa nne mbele. Jina la yule binti. Utoro, maongezi. Utoro, onyo. Utoro, mzazi aitwe. Mwalimu wake wa darasa, mtu makini kabisa, alikuwa anafuata ngazi niliyoitengeneza mimi. Binti alikuwa ameacha kuja shule kwa sababu ya korongo, na sisi tulikuwa tunampandisha vipandio vilevile, yeye na aliyekuwa anamvizia, bega kwa bega, wote hatua ya tatu.

Nilifunga mlango wa ofisi nikakaa humo mpaka kengele ya mwisho.

Ngazi inahesabu makosa ya mkosaji. Haihesabu aliyeumizwa. Mimi nilikuwa nimeichukulia kama mizani, kumbe ni ngazi tu, na kuna makosa hayatakiwi kuipanda kabisa, yanatakiwa yaende kwa mkuu siku hiyohiyo na mengine yaende dawati la jinsia na watoto polisi. Tukayagawa makosa upya. Nikachora safu ya sita kwenye buku kwa kalamu nyekundu, nikaandika juu yake NANI KAUMIA, wino ukavuja mpaka nyuma ya karatasi. Yule kijana alipelekwa bodi, akasimamishwa, alirudi, alimaliza. Binti hakurudi kwetu, mama yake alimpeleka kwa shangazi yake Mpwapwa akahamia shule ya huko. Nilimwandikia mkuu wake mpya barua kueleza kwamba ule utoro kwenye faili lake usihesabiwe. Ni kitu pekee nilichoweza kufanya na nilikifanya kwa kuchelewa.

Na nikianza kuzungumzia mabinti siwezi kupita bila kusema hili kwa ufupi. Kanuni za kufukuza wanafunzi, Tangazo la Serikali Namba 295 la 2002, ziliweka sababu kama jinai, utovu wa nidhamu wa kurudia, kosa dhidi ya maadili, na kufunga ndoa. Kwa binti aliyepata ujauzito ngazi ilikuwa na kipandio kimoja tu, mlangoni. Mpaka Novemba 2021 ulipotoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa kuwaruhusu kurudi. Miaka yote hiyo tulisema shule zetu zina utaratibu.

Dogo yeye tulimpa kikadi. Jumanne na Ijumaa anaingia saa moja na nusu, anasaini getini, anafidia nusu saa jioni. Kwenye buku badala ya kosa nikawa naweka herufi moja. Walimu wawili walikasirika, nimemdekeza, kesho wote watakuwa na bibi. Na kweli kikadi hakikumfanya malaika, mwaka uliofuata alikamatwa na simu, akapanda hatua zake kama wengine mpaka barua ya onyo, bibi akasaini kwa dole gumba. Alifanya mtihani wa kidato cha nne. Division foo. Sina hadithi nzuri zaidi ya hiyo.

Mimi nilihamishwa, siku hizi niko ofisini, nashika mafaili kuliko chaki. Kiti cha nidhamu alipewa kijana mpya, ajira mpya, nilimkabidhi kaunta buku la tatu, mawili ya kwanza yamejaa. Juzi usiku kanitumia picha WatsApu, ukurasa umepigwa chini ya taa hafifu, kidole chake kimeonyesha safu. Akaandika: samahani kaka, hii herufi M ni kosa gani, mbona iko kwa watoto wa mtaa mmoja tu, tena Jumanne na Ijumaa?

Nikamjibu: Maji.

Tiki mbili zikawa bluu. Akakaa kama dakika tano hivi. Halafu akaandika: sawa kaka nimekupata. Na funguo ya kabati la fimbo uliiacha wapi?